Kukhu Kwenye Meza ya Wafu

Picha ya mama yake ilikuwa katikati ya meza, upande mmoja babu wa Kipunjabi mwenye kilemba cha buluu, upande wa pili paka. Naam, paka, mweusi, mwenye kengele shingoni, marehemu wa mtoto fulani. Na hapo kati yao, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba yake Bungoma, kitenge cha njano, soda mkononi, anamcheka aliyekuwa akimpiga picha, Mama Magdalene mzima.

Roselyne alidhani ni macho. Tangu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kwenye nyumba ya wazee kule Castle Vale, ameosha na kuvalisha watu kumi na mmoja, kisha akapanda mabasi mawili ili awahi sherehe ya darasa ya saa nane na nusu kule Handsworth. Macho yakichoka huona mengi. Akatazama tena. Ilikuwa ile ile picha ya kwenye mlango wa friji yao, hata alama ya sumaku ilionekana pembeni.

Mezani kulikuwa na maua ya karatasi ya rangi ya chungwa, mikate midogo, mafuvu ya sukari yaliyopakwa rangi, na mishumaa ya betri kwa sababu shule haikuruhusu moto. Mbele ya picha ya mama yake mtu alikuwa ameweka njugu kwenye kikombe cha karatasi. Juu ukutani pameandikwa kwa Kihispania maneno ambayo Roselyne aliyajua, maana barua ya shule ilikuwa imeyaeleza: Siku ya Wafu. Watoto waje na picha za watu wao waliofariki.

Waliofariki. Hasira ilimpanda.

Si kwamba alikuwa na neno na shule. Yeye mwenyewe ndiye aliyehangaika mwaka mzima mtoto apate nafasi katika darasa hili la Kihispania, ambamo watoto wa miaka saba walisoma hesabu, wakaimba na kuombana penseli kwa lugha hiyo tu, kuanzia kengele ya asubuhi mpaka ya jioni. Mwalimu Remedios, Mmeksiko mfupi mwenye sauti ya upole, aliwaambia wazazi mwezi wa tisa wasiogope mtoto akikaa kimya. Mtoto huelewa miezi mingi kabla hajafungua mdomo, alisema. Msidhani hasikii kwa sababu hajibu. Roselyne aliyapenda maneno hayo mpaka akayaandika nyuma ya bahasha. Kuyaandika aliyaandika. Kuyapeleka nyumbani kwake akayatumie, hilo halikumjia.

Na nyumbani kwake kulikuwa na Kiswahili. Yeye Mbukusu, mumewe Jairus Mluo wa Ugenya, kwa hiyo chakula, ugomvi na mapenzi vyote vilipita kwa Kiswahili. Binti yao Achieng, aliyeletwa Birmingham akiwa hajaota hata jino, alijibu kila kitu kwa Kizungu. Walishazoea. Jairus alipenda kumtania kwamba Kiswahili amekitupa, Kihispania ndicho amekidaka.

Barua ya shule ilipokuja, Roselyne hata hakuimaliza. "Waambie kwetu hakuna maiti wa kupeleka," alimwambia mtoto. Baba yake Roselyne alikufa zamani na hakuacha picha. Basi ikaisha. Halafu Jumatatu ya wiki hii, Roselyne akiwa amezama kwenye vitabu vya mtihani wa leseni ya uuguzi, Achieng akaja akasimama karibu na kiti, jina la bibi yake, Kukhu kwa Kibukusu, mdomoni.

"Can I take Kukhu's picture to school?"

"Kukhu yuko hai. Usiniletee mkosi hapa."

Achieng akaondoka zake. Roselyne akarudi kwenye ukurasa.

Na sasa mkosi huo hapa, umebandikwa kwa gundi ya karatasi. Watoto walikuwa wamekaa duara kwenye zulia, mmoja mmoja akisimama kumtaja mtu wake kwa Kihispania, wazazi wamejipanga ukutani kwenye viti vidogo. Mtoto mwenye picha ya paka alikuwa katikati ya maelezo yake Roselyne alipoinuka. Alipita juu ya miguu ya watoto, akafika mezani, akaibandua picha. Kona moja ilichanika ikabaki kwenye gundi.

"Nani amekupa ruhusa?" alimuuliza binti yake, kwa sauti ile ambayo Achieng aliijua tangu akiwa mdogo kabisa.

Achieng aliangalia viatu vyake. "Nobody."

"Kukhu wako amekufa?"

Achieng aligusanisha ncha za viatu.

"Nakuuliza mbele ya hawa watu wote. Kukhu amekufa?"

Mtoto aliinua macho akatazama mlango, kama anayemngojea mtu. Roselyne aliona ukaidi tu, akaona na aibu yake mwenyewe, muuguzi mzima, mtu wa kanisa, binti yake anamweka mama yake kwenye kundi la maiti na paka. Akamgeukia mwalimu, safari hii kwa Kiingereza chake cha kazini, kile kinyoofu cha kuongea na madaktari. Akamwambia kwamba huko walikotoka watu hawachezi na uhai wa mzazi. Kwamba mama yake ana miaka sitini na minane na analima shamba lake mwenyewe. Kwamba anataka aombwe radhi, na mama yake aombwe radhi, sasa hivi.

Champa, msaidizi wa darasa, mama wa Kihindi aliyeishi mtaa wa pili kutoka kwao, alikuja akamshika kiwiko. Alimsihi watoke wakazungumze nje, watoto wanaogopa.

"Nje kufanya nini?" Roselyne alisema. "Mmemzika hapa hapa, tutamfufua hapa hapa."

Mwalimu Remedios alikuwa amebadilika rangi. "Lakini aliandika mwenyewe," alisema. "Kila mtoto ana kadi yake. Iko pale, chini ya picha."

Kweli ilikuwepo, kadi ya manjano, mistari minne ya mwandiko wa Achieng, na nyota nyekundu pembeni. Roselyne aliitupia jicho. Kihispania. Angejuaje imesema nini.

"Mimi nakwambia mama yangu yuko hai, wewe unaniambia habari ya kadi," alisema. "Ngoja basi umsikie kwa masikio yako."

Alitoa simu. Hapo ilibidi darasa zima lingoje, kwa sababu kupiga Bungoma kwa kadi ya kukwaruza hakutaki haraka: kwanza namba ya kadi, kisha tarakimu kumi na mbili za siri, kisha yule mwanamke wa kwenye mashine akueleze umebakiwa na dakika ngapi, ndipo upige. Simu ya mama yenyewe haikuwa imepokelewa tangu Jumapili. Jairus alisema stima imepotea huko, hawana pa kuchaji. Roselyne akampigia mdogo wake mwenyewe, Eric, aliyekaa boma moja na mama, na akafungua spika ili mwalimu asikie vizuri.

Eric alipokea mara moja. Nyuma yake watu wengi walikuwa wakiimba tenzi.

"Sister Rose," alisema. "Pole. Pole sana, dada yangu. Tulijua utapiga ukishapata nguvu."

"Nguvu za nini? Nipe mama niongee naye."

Wimbo uliendelea ubeti mzima. Kisha Eric akasema polepole, "Kwani Jairus hakukuambia?"

Kati ya watu arobaini waliokuwa katika chumba kile, waliokielewa Kiswahili hicho walikuwa wawili, Roselyne na mtoto wa miaka saba aliyekaa kwenye zulia. Wengine waliona tu mwanamke mrefu mwenye sare ya kazi akishusha mkono uliokuwa umeinua simu.

"Lini?" aliuliza.

"Jumapili, baada ya kanisa. Alisema kichwa kinamuuma, akalala. Rose, Jairus alisema umeambiwa. Akasema umesema tuzike Jumamosi, tusikungoje, kwa sababu uko na mtihani."

"Mimi nimesema hivyo?"

"Ndivyo nilivyowaambia wazee. Walikasirika, lakini wakakubali. Kaburi linaanza kuchimbwa kesho."

"Mimi, Roselyne, nimesema mama yangu azikwe bila mimi?"

Mwanamke wa kwenye mashine akaingilia kusema dakika zimekwisha.

Roselyne hakulia. Watu humtarajia mtu alie, na Champa alikuwa ameshashika kitambaa cha karatasi tayari, lakini machozi yangehitaji nafasi na ndani ya Roselyne hapakuwa na nafasi, pamejaa hasira tupu. Alikaa kwenye kiti cha mtoto. Alihesabu siku. Jumatatu alimpikia Jairus ugali na samaki. Jumanne walicheka pamoja kwenye televisheni. Jana alimwambia atampigia mama baada ya mtihani, akiwa na habari njema, na Jairus akasema, "Fanya hivyo."

Na ni hapo Jairus alipoingia, akihema, bado na koti la udereva wa basi. Alikuwa ameomba mwenzake amshikie zamu ili asikose zamu ya binti yake kusoma. Tabasamu alikuja nalo, likakwama. Aliiona picha mkononi mwa mkewe, akaona simu, akawaona watu wote wakimtazama.

"Karibu, Baba Achieng," Roselyne alisema. "Keti."

"Mama Achieng, twende nje tuongee."

"Keti."

Alikaa. Viti vile ni vya watoto wa miaka saba, magoti yakamfika kifuani. Mwalimu alianza kuwaambia watoto kitu kwa Kihispania, na Champa akawapanga kwenda uwanjani, lakini Achieng hakuinuka na hakuna aliyejaribu kumwinua.

"Hao watu wa fellowship ya kanisani mlipanga waje lini kuniambia?"

Jairus alijikuna shingo. "Jumamosi jioni. Kila mtu ana shift, hiyo ndiyo siku walipatikana. Rose, wewe unajua tunavyofanya. Mtu haambiwi akiwa peke yake. Lazima watu wawepo, waimbe, wamshike."

Alijua. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wale wanaokwenda nyumba za watu na tenzi na sufuria za chai. Mwaka juzi walimficha mwanamume mmoja wa Saltley kifo cha kaka yake siku tatu nzima, wakimjibu simu kwa furaha za uongo, mpaka wikendi ikafika. Roselyne ndiye aliyepika chapati. Yule bwana alipoambiwa alisema tu, "Kumbe nyote mlijua," na wao wakasema ni huzuni inayomsemesha.

"Jumamosi jioni mama yangu atakuwa chini ya udongo," alisema.

"Mtihani ni kesho, Rose. Hii ni mara ya tatu, hakuna ya nne. Hospitali inakungoja, permit inaisha January. Usipopita tunafunga virago, sisi sote, huyu mtoto pia. Ningekuambia Jumapili, ungefanya nini? Si ungeacha kila kitu?"

"Ndiyo. Ningeacha kila kitu."

"Sasa unaona. Nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unalinda mtihani."

Jairus hakuwa mtu mbaya. Hata katika ghadhabu ile Roselyne aliliona hilo, macho yake yalikuwa mekundu ya mtu aliyebeba mzigo siku nne bila pa kuutua. Lakini kuficha ni jambo moja. Kumtia mtu maneno mdomoni, wazee wa boma wakae chini ya turubai wakisema binti wa Magdalene ameona karatasi ni bora kuliko mama, hilo ni lingine, na halikuwa na jina zuri katika lugha yoyote aliyoijua.

"Na mtoto? Ulimwambia mtoto ukaniacha mimi?"

"Haki ya Mungu sijamwambia. Nilikuwa jikoni naongea na Eric kwa simu, yeye anakula cereal. Si unajua haelewi, kila kitu Kizungu..."

Aliishia hapo. Wote wawili walimgeukia Achieng, peke yake kwenye zulia kubwa.

"Wewe ulijua tangu Jumapili?" mama yake alimuuliza. Sauti ilikuwa imemtoka nyingine kabisa.

Achieng aliitikia kwa kichwa. "Daddy said nobody's to tell you till Saturday. He said it to Uncle Eric, and then he said it to the church people."

Siku nne. Siku nne mtoto wa miaka saba amekula, ameoga, amesukwa nywele na mama yake jioni, na neno hilo liko ndani ya kifua chake. Jumatatu alikuja akasimama kando ya kiti akajaribu, akaambiwa asilete mkosi. Na sasa hivi amefokewa mbele ya darasa zima, akaangalia mlango amngojee baba yake aje aruhusu.

Roselyne aliinuka akachukua kadi ya manjano mezani, akampa mwalimu. "Soma."

Mwalimu Remedios alisoma kwa Kihispania, taratibu, na alipofika mstari wa mwisho sauti ikapungua. Roselyne akamwambia aisome kwa Kiingereza. Ndipo akatafsiri, sentensi moja moja. Bibi yangu anaitwa Magdalene. Alikufa Jumapili. Anapenda njugu. Mama yangu hajui.

Chini ya "Jumapili" palikuwa na herufi moja iliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kisha ile nyota.

"Ulisoma hii?"

"Nilisahihisha ishirini na nane jana," mwalimu alisema. "Niliangalia tahajia. Nisamehe. Niliangalia tahajia tu."

Roselyne alikuwa na maneno ya kumwambia, na mengine yalishafika kwenye ulimi. Mtoto alikuwa ametafuta lugha moja ambayo nyumbani hakuna anayeijua, akaitumia kusema lile alilosikia halitakiwi kusemwa, akalipeleka kwa mtu mzima pekee aliyeweza kulisoma, akapewa nyota. Lakini alipomtazama mwanamke yule amekumbatia kadi kifuani, aliikumbuka bahasha. Msidhani hasikii kwa sababu hajibu. Hata yeye alikuwa ameangalia tahajia tu. Akaacha.

"Leta simu yako," alimwambia Jairus.

Jairus alimpa. Alipiga moja kwa moja safari hii, bila kadi, na iwe gharama yoyote. Eric alipopokea alimwambia, "Sikiliza, na uwaambie wazee hivi hivi. Roselyne amesema kwa mdomo wake mwenyewe. Naondoka leo jioni. Jumamosi asubuhi niko hapo. Nisipofika, mtu asimshushe mama yangu. Na mtu mwingine yeyote akikuambia Roselyne amesema nini, hata akiwa na pete ya Roselyne kidoleni, mkatie simu."

Jairus alingoja mpaka alipomaliza. "Na mtihani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kaufanye wewe. Si unajua kusema kwa niaba yangu."

Jairus alibaki kwenye kile kiti, kofia ya kazi magotini.

Roselyne aliirudisha picha mahali pake, kati ya babu na paka. Ilikataa kusimama kwa sababu ya kona iliyochanika, na Achieng akaja na kipande cha gundi ya karatasi, akaishikilia kwa vidole vyake vidogo mpaka ikashika. Mama yake alichutama pale chini.

"Nimekufokea bure," alimwambia. "Ulikuwa unasema kweli, nami nikakufokea. Nisamehe."

Achieng aliinua mabega kidogo, kama watoto wanavyofanya wakiwa wamesamehe ila hawajui waseme nini. Kisha akaichukua kadi kwa mwalimu, akaokota penseli, akaukata mstari wa mwisho kwa makini akitumia rula. Chini yake akaandika mwingine, mfupi. Mwalimu Remedios aliutazama na hakugusa kalamu yake.

"Umeandika nini?" Roselyne aliuliza.

"That you know now."

Roselyne alisimama. Alichukua njugu moja kutoka kwenye kikombe cha karatasi, akaitafuna, na nyingine zote akamwachia mama yake.

"Haya, twende unisaidie kufunga begi," alisema, akimshika mkono. "Na njiani uniambie yote uliyoyasikia tangu Jumapili. Yote. Kwa lugha unayotaka."

Walimpita Jairus. Achieng alikuwa ameshaanza kusimulia kabla hawajaufikia mlango, kuanzia jikoni, kuanzia simu ilipolia, na hakuacha kitu.